Mfuniko

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, nikiwa nimeanika kila nguo niliyo nayo. Bati la ofisi ya chama linavuja palepale, juu ya kabati la mafaili, na ndoo ni ileile yenye ufa. Nimekinga, nimefuta, nimekinga tena. Ukatibu wa chama cha wakalimani ndio huo, watu wakidhani ni kukaa mezani na kalamu.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine, tena kwa kusema "mimi". Kiziwi akiashiria kwamba ameibiwa, mbele ya polisi nasema "nimeibiwa", si "anasema ameibiwa". Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha, sisi wote tunaotafsiri lugha ya alama mjini hapa. Na mkalimani akiwa na neno lake mwenyewe, hajiiti mimi. Anasema "mkalimani anaomba kusema", utadhani kuna mtu mwingine chumbani. Miaka kumi na minne nimekuwa kila mtu isipokuwa mwenyewe, kwa hiyo angalau humu daftarini nijisemee.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wifi amekuja kuazima mwavuli. Huu wa tatu, na miwili ya kwanza bado naidai.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu asubuhi nimeitwa hospitali. Fundi Saa, mume wa Mwalimu, anayetengeneza saa za watu pale kona ya soko, ngiri imembana na lazima apasuliwe leo hii. Mwalimu yuko safarini kwenye kesi, simu haipatikani. Aliyemleta ni Seremala, yule kiziwi anayekaa kwao, ambaye mji mzima tunamjua kuwa ni binamu ya Fundi Saa.

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Mwambie ndugu wa karibu tu ndio wanaingia. Na yeye ni nani kwa mgonjwa?"

Nikaashiria. Seremala akanitazama, akautazama mlango, halafu akafuta mikono yake kwenye suruali kama mtu anayetaka kushika kitu safi. Akaanza kusema, na mimi nikatoa sauti kama nilivyofundishwa.

"Mimi na mgonjwa tuna mke mmoja. Yeye anajua, mimi najua, mke anajua. Tunaishi hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyelazimishwa. Naogopa asije akaamka peke yake. Naomba nimshike mkono."

Muuguzi akanitazama mimi, juu mpaka chini. Ilikuwa mdomo wangu, sauti yangu, na neno "mimi". Halafu akaelewa, akamtazama Seremala, akafungua mlango.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye matope. Nina hasira, na naona aibu kuiandika. Si kwamba Mwalimu ameniibia mume. Ila miaka kumi na minne nimekunywa chai nyumba ile, nimelia mapajani kwa yule mama mimba yangu ilipoharibika, na kumi na moja kati ya hiyo nilikuwa nadanganywa kuhusu binamu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Saa ameamka salama. Mwalimu amerudi. Tulikutana koridoni, akanishika bega. Aliashiria jina langu tu, akaingia wodini.

Viziwi hawakuiti jina ulilopewa na mama yako. Wanakupa la alama, na hulichagui wewe. Langu ni ngumi ya mkono wa kushoto, halafu kiganja cha kulia kinakuja juu yake kuifunika. Chungu na mfuniko wake. Alinipa Seremala mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa sababu niliona mengi na sikusema hata moja. Hata wenzangu wanaosikia siku hizi wananiita Mfuniko.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwaga mtama.

Naandika kama ilivyokuwa. Wifi, dada wa mume wangu, naye ni mkalimani, wa lugha za kigeni mahakamani, na ni mjumbe wa kamati ya nidhamu ya chama. Alikuwa jikoni kwangu anamenya vitunguu na kumsema Mwalimu, kwamba amemwangusha tena kwenye mtihani wa chama wa kupanda daraja la kwanza, kwamba anajifanya mtakatifu wa taaluma. "Yule mama hana doa, wifi. Ndiyo maana anatukanyaga."

Na mimi nikasema, "Ungejua."

Hapo ningeweza kunyamaza. Wifi aliweka kisu chini. Akanitazama kama hajawahi kunitazama tangu niolewe kwao, kama mtu mwenye kitu cha maana. Nikampa chote. Mke mmoja, wanaume wawili, miaka kumi na moja. Sikuwa nimelewa, sikulazimishwa. Nilikuwa na kitu ambacho yeye hana, basi.

Nikamwambia, "Lakini hili ni la hapahapa."

"Wifi, mimi tena?" akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Barua imepenyezwa chini ya mlango wa ofisi. Haina jina. "Sisi wenye uchungu na taaluma hii, kwa mustakabali wa vizazi vyetu, tumepata habari kwamba mwanachama mwandamizi anaishi kinyumba na wanaume wawili kwa wakati mmoja." Mustakabali wa vizazi vyetu. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayeweza kutamka maneno hayo hata akiomba chumvi.

Nimeisoma nimesimama, ndoo inalia tone tone nyuma yangu. Kazi ya katibu ni kuipokea, kuigonga muhuri na kuipeleka kwa Mwenyekiti. Nimeigonga muhuri.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimfuata wifi kwake. "Barua gani?" akasema. Miavuli yangu mitatu imening'inia nyuma ya mlango wake.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenyekiti ameisoma barua mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini na kwa raha, nilimwona. Kisha akavua miwani.

"Katibu, hili ni suala la kanuni ya tisa. Mwenendo unaoshusha heshima ya taaluma. Mama huyu anasimama mbele ya majaji. Anafundisha mabinti. Tutawaambia nini watu?"

Mwenyekiti ana wake wawili katika nyumba mbili, na yupo wa tatu ambaye hahesabiwi ila kila mtu anajua duka lake. Nilitaka kumuuliza, na kuhusu hao tunawaambia nini watu. Lakini mimi ni nani wa kuuliza? Ukweli ni kwamba bado nampa Mwenyekiti haki nusu. Nasema moyoni, Mwalimu naye, kwa nini asingeishi kama wengine?

Ameamuru jina la Mwalimu litolewe kwenye orodha ya mahakama mpaka kikao. Nimeandika barua hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Mwalimu amekuja kuchukua barua yake. Viatu vimejaa matope, mgongo umenyooka. Kawaida akiingia huashiria jina langu kabla hajasalimia. Leo alisimama mbele ya meza kama mgeni.

"Katibu, andika nimeipokea saa nne na robo."

Nikaandika. Robo nikaiandika vibaya. Nikasema, "Mwalimu, kuna jambo. Ile siku ya hospitali, mimi nili..."

Akainua kiganja. "Usiniambie."

"Lakini ni lazima ujue."

"Ukiniambia nitakuwa nimelijua, na nikilijua nitalazimika kulipeleka. Kanuni ya tatu niliiandika mimi. Mkalimani hatoi nje neno alilolisikia kazini, na adhabu yake ni kunyang'anywa kitambulisho. Sina haraka ya kumpoteza mwanafunzi kwa sababu amenijia akilia." Akaikunja barua mara nne, akaitia mkobani. "Kalie kwenu, mwanangu. Na hiyo ndoo, ibadilisheni."

Kwa hiyo anajua. Amejua tangu siku ya kwanza, maana pale mlangoni tulikuwa watu wawili wenye masikio, muuguzi na mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Mahakamani. Mama mmoja kiziwi, wa kesi ya kuwania watoto wake, ameahirishiwa mara ya pili. Alimtaka Mwalimu, kwa sababu Mwalimu ndiye anayeelewa alama za kijijini kwao. Hakimu akaniita mimi. Nilijaribu. Kila nilichoashiria alinitazama kwa upole unaoumiza, kama unavyomtazama mgeni anayepotea njia. Hakimu akaahirisha. Yule mama akatoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa.

Kamati inauliza Mwalimu analala na nani, na huku watoto wa mtu wako kwa shangazi yao mwezi wa nne sasa. Leo ile haki nusu niliyokuwa nikimpa Mwenyekiti nimemnyang'anya yote.

Jumanne, 8 Aprili

Wanafunzi sita kati ya kumi na moja wameacha darasa la Mwalimu. Mmoja mama yake alikuja kumtoa mwenyewe, kamshika mkono, na huyo binti ana miaka ishirini na tisa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Bati. Ndoo.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia mume wangu kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja gazeti magotini.

"Kama ni hivyo nyamaza tu," akasema. "Hakuna aliyekutaja."

"Mwalimu atafukuzwa."

"Na ukisema, utafukuzwa wewe. Kisha dada yangu ataingia humo humo. Unataka kuvunja nyumba ngapi kwa sababu ya nyumba moja?"

Si mtu mbaya. Anahesabu tu, na hesabu yake ni sahihi. Nilimwangalia akirudi kwenye gazeti nikawaza kuhusu Seremala alivyofuta mikono kwenye suruali yake. Mume wangu ananipenda, sina shaka. Sijui kama angefungua kinywa mbele ya mgeni aseme jambo la kumdhalilisha maisha yake yote, ili mimi nisiamke peke yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao ni keshokutwa. Seremala ameomba kusikilizwa kama shahidi. Anahitaji mkalimani. Wa lugha ya alama tuko watano tu. Wawili wamesema wana udhuru, mmoja kasafiri, wa nne ndiye mshtakiwa.

"Katibu utatafsiri," amesema Mwenyekiti. "Wewe huna upande."

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika polepole, ili nisijipendelee.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo tulifungua madirisha na kukaa kwenye mwanga wa kijivu. Wajumbe watano, Mwenyekiti katikati, wifi kulia kwake amepaka rangi kucha. Mwalimu alikaa upande wa pili peke yake. Fundi Saa alikuwa kwenye benchi la nyuma, bado anajishika tumbo anapokaa. Seremala alisimama, na mimi nikasimama anapoweza kuniona.

Mwenyekiti akamuuliza Mwalimu kama yaliyomo kwenye barua ni kweli.

"Niulizeni kuhusu kazi yangu," akasema Mwalimu. "Kuna siku nilipotosha neno la mtu? Nilichelewa? Nilitoa siri?"

"Hakuna anayeuliza kazi, mama. Tunaulizia sura ya chama."

"Chama hakilali nyumbani kwangu."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akagonga kalamu mezani. Akasema jamii ina macho, na mtu wa heshima huangalia nyuma yake. Ndipo Seremala akainua mikono, na mimi nikawa sauti yake.

"Mimi ni seremala. Hii meza mnayoigonga niliitengeneza mimi, na mlisema ni nzuri. Mimi si mwanachama wenu, hamwezi kunifukuza, kwa hiyo sikuja kujitetea. Nina swali moja. Mambo ya nyumba yangu nimeyatamka mara moja tu maishani, kwa mikono hii, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Palikuwa na muuguzi na palikuwa na mkalimani. Nauliza, yamefikaje mezani kwangu?"

Nilisema yote. Sikupunguza neno, na sauti haikukatika. Nina fahari ya kijinga kuhusu hilo. Nyuma yetu ndoo ya ofisi ikaendelea kulia.

"Swali hilo liko nje ya ajenda," akasema Mwenyekiti.

Nikatafsiri. Seremala akashusha mikono. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyoitazama mbao, kuona inapopinda.

Wifi alikuwa anaziangalia kucha zake. Nikainua mkono kama nilivyofundishwa.

"Mkalimani anaomba kusema."

"Mkalimani aseme."

"Mkalimani ndiye..." Nikakwama. Yule mtu mwingine wa chumbani hakuwepo, sikuweza kumtwika. Nikaanza upya, kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili Seremala naye apate. "Mimi nilisema. Nilisikia kazini, nikatoka nayo, nikamsimulia mtu jikoni kwangu. Mimi nilivunja kanuni ya tatu."

Mwenyekiti alikuwa anaandika. Akaandika mpaka mwisho, akasoma kwa sauti, "Shahidi anakiri kwamba yeye mwenyewe alisema," akaweka nukta. Wajumbe wakatikisa vichwa. Walidhani bado natafsiri. Miaka kumi na minne nimewazoesha watu kutonisikia, na leo nilipozungumza hawakunisikia.

"Mwenyekiti, si shahidi," nikasema. "Ni mimi."

"Mimi nani sasa? Tueleweke. Anasema seremala au unasema wewe?"

Kwa alama, "mimi" ni kidole tu, kinagusa kifua. Nimekigusa kifua hiki maelfu ya mara, kikiwa cha mwizi, cha mjane, cha mgonjwa, cha mwanamume aliyemwogopea mwenzake. Nikakigusa, nikakiacha kidole hapohapo.

"Mimi mwenyewe. Katibu wenu. Seremala hajasema kitu."

Wifi akainuka akatoka nje, akasema anaenda kupiga simu. Sikumtaja, wala hakuna aliyenibana nimtaje. Kumtaja ingekuwa kutoa tena maneno ya jikoni, na hata kama haikuwa kazini, nimetoa maneno ya kutosha mwaka huu.

Walipiga kura kabla ya saa saba. Wifi hakuwa amerudi. Watatu kwa mmoja, malalamiko yatupwe kwa kuwa yametokana na siri ya kazini. Jina la Mwalimu lirudi mahakamani. Mimi kitambulisho changu kimechukuliwa kwa mwaka mmoja, na ukatibu umeisha.

Nilimfuata Mwalimu kwenye ngazi. Nilitegemea kitu, sijui nini, pengine kiganja begani. Akafungua mwavuli wake.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini usifikiri umenitetea. Wamenirudisha kwa sababu ya kosa lako, si kwa sababu nyumba yangu haiwahusu. Kesho mtu akichungulia dirishani mwenyewe, kanuni ya tatu haimgusi, na wataniita tena kwenye meza ileile."

Fundi Saa akamshika kiwiko upande huu, Seremala upande ule. Ngazi zilikuwa zinateleza.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekabidhi funguo, muhuri na ndoo. Kaimu katibu ni wifi.

Jumamosi, 3 Mei

Wifi hazungumzi na mimi. Mume wangu anazungumza kwa habari za lazima tu, kwamba chumvi imeisha na maji yamerudi. Miavuli haijarudi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekaa kwenye benchi la umma mahakamani, kama mtu yeyote. Mwalimu alitafsiri kesi ya yule mama wa watoto. Mikono yake ilikwenda taratibu, na uso wa yule mama ukafunguka dakika kwa dakika. Mara moja Mwalimu akasema, kwa sauti yake nzito ya utu uzima, "Mimi ndiye niliyewanyonyesha." Chumba kizima kikamtazama yule mama, si Mwalimu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hakimu ametoa amri, watoto wanarudi Jumamosi.

Nje, viziwi watatu walikuwa wamesimama kwenye jua. Mmoja aliniona, akawaambia wenzake nani anapita. Alitumia ngumi ya kushoto. Kiganja cha kulia hakikuja juu yake. Ngumi ilibaki hewani bila mfuniko, kisha wakageukia mambo yao.

Kilio kilinipata nimeshafika nyumbani.

Jumanne, 20 Mei

Siku ya tisa bila mvua. Nimekwenda karakana ya Seremala. Sikubeba zawadi, nilijua nitaonekana nanunua. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Akaniona, akaendelea mpaka mwisho wa ubao, akazima redio ambayo anaiwasha kwa ajili ya wateja.

Nikamwambia samahani. Kwa alama huwezi kuisema ukiwa umeangalia chini, lazima umwangalie mtu usoni. Akaipokea, akatikisa kichwa mara moja.

Nikamwambia nimeona jina jipya wanaloniita.

"Hilo si langu," akajibu. "Wamekupa wao. Mimi nilikupa la kwanza."

"Na wewe sasa utaniita lipi?"

Akafikiri. Akapuliza vumbi la mbao kutoka vidoleni, kimoja kimoja, akanyanyua mkono wa kushoto, akafunga ngumi mbele ya kifua chake. Nikasubiri kiganja.

Mkono wa kulia ulikuwa tayari umeshika randa.